Kope Zangu na Radhi ya Mama

Kwa miaka miwili nilisomesha hisabati darasa la nne nikiwa nimebandika plasta juu ya macho. Ilikuwa plasta ile nyeupe ya dukani, ya kufungia vidonda. Kila asubuhi nilikata vipande viwili vyembamba, nikaivuta juu ngozi ya kope iliyoniangukia, nikaibandika chini ya nyusi. Nikisema kope nakusudia ule mfuniko wa jicho, si nywele zake. Njiani navaa nikabu, na ukanda wake wa kwenye paji la uso ulizificha plasta vizuri. Darasani nikishaishusha, watoto waliziona na wakazizoea. Ikifika saa tano jasho limeshazibandua, na ubao nautazama kwa kunyanyua kidevu.

Sasa nimepasuliwa, nimepona, na wanaokuja kuniuliza ni wengi kuliko nilivyodhani. Wengine wananiita pembeni pale skuli, wengine wanakuja nyumbani na mama zao. Nimechoka kusema yale yale kila siku, kwa hiyo nayaandika. Kwa nini ngozi ya jicho inaanguka sijui, aulizwe daktari. Ninachokijua mimi ni viti vya kusubiria, sindano, uvimbe, na kosa nililomfanyia mama yangu.

Naitwa Rukia, nina miaka hamsini na sita. Nakaa Wete, Pemba, na mume wangu, Faki, na mama yangu mzazi, Bi Riziki, aliyehamia kwetu tangu baba alipofariki. Macho haya nimeyarithi kwake. Kope zake zimemfunika zaidi kuliko zilivyonifunika zangu. Akitaka kumwona mtu hasa, huzinyanyua kwa vidole viwili, akamtazama, kisha akaziachia. Mtaani tulitaniwa kuwa nyumba yetu haina haja ya vitanda, maana tunalala tumesimama.

Utani nilikuwa nauweza. Nilichoshindwa ni kuulizwa kila siku kama naumwa au nimelia. Mwalimu mkuu wetu mpya, mtu mpole sana, aliniita ofisini akaniuliza kwa heshima kama sitaki kupunguziwa vipindi, kwa sababu wazee wawili watatu wa wanafunzi wamemwambia nasinzia darasani. Wiki ile ile nikajigonga kichwa kwenye dirisha la duka, madirisha yale yanayofunguliwa kwa juu, kwa kuwa kitu chochote kilicho juu ya nyusi zangu nilikuwa sikioni tena. Nilikaa barazani pa watu nimeshika kichwa, mwenye duka ananipa pole, na nilikuwa nimechoka mno.

Na niseme kweli, maana kwenye mambo haya waongo tumekuwa wengi. Nilitaka kuona, lakini nilitaka na uso pia. Mwanamke anayevaa nikabu, watu wanachokiona kwake ni macho tu. Mie hicho kimoja kilichoonekana kilikuwa kinasinzia. Sikuliona jambo dogo, na hata leo silioni dogo.

Daktari wa macho niliyemwona hapa kisiwani alinishika kope, akanipima, akasema dawa yake ni kukatwa ile ngozi iliyozidi, na hilo lifanyike Unguja. Nikamwuliza kama si ile kazi wanayofanyiwa wanaotaka urembo. Akacheka. "Kazi ni ile ile, Bi Rukia. Tofauti ni sababu tu." Nikamwuliza na shehe mmoja. Akasema ikiwa ni kwa ajili ya kuona hapana ubaya. Nikalichukua jibu hilo nikaondoka, na habari ya uso sikumtajia.

Yupo ambaye sikumwuliza kabisa, naye ni mama. Kwetu mtu haendi kupasuliwa bila ya kutaka radhi ya mzazi wake. Unakaa mbele yake, unamwambia unakokwenda na unachokwenda kufanyiwa, anakuradhia, ndipo unatoka. Lakini zamani, redioni palikuwa na mawaidha juu ya wanawake wanaojibadilisha maumbile, na mama alisema, "Huko ni kumkosoa Mola." Maneno hayo yalinikaa. Nikaogopa kwamba nikimwuliza atanikataza, na akinikataza sitaweza kwenda. Basi nikajipa hila ya kitoto: nisipomwuliza, hatakuwa amenikataza. Faki alinambia, "Mwambie mama, Rukia. Mie simo." Sikumsikiliza.

Likizo ya Juni ilipoingia, mvua za masika zinamalizikia, nikamwambia mama nakwenda Unguja kwenye semina ya walimu, siku tano. Akauliza semina ya nini. Nikasema hisabati. Akanipa mkono nikaubusu, nikatoka na begi langu.

Unguja nilifikia kwa Salma, mtoto wa kaka yangu Khamis. Anafanya kazi dukani, kwa hiyo asubuhi alinifikisha mlangoni pa kliniki akaenda zake. Viti vya kusubiria vimefungwa pamoja, mmoja akitikisa mguu mnatikisika nyote. Wengi walikuwa wazee wa mtoto wa jicho, wamekaa kimya na kadi zao. Ukienda, chukua shali kwa ajili ya kiyoyozi, chukua na tasbihi. Pale hapana cha kutazama ila mlango, na mlango ukifunguliwa anaitwa mwengine.

Pembeni yangu alikaa mwanamke wa Makoongwe, kaja na dada yake. Tukaamkiana, tukajuana kuwa sote ni wa Pemba. Akauliza, "Na wewe umekuja na nani?"

"Peke yangu."

"Kupasuliwa?"

"Ndiyo."

Alikata nusu ya mkate wa kumimina aliokuwa nao, akaifunga kwenye karatasi na kunitia mkononi. Sina cha kumlipa mtu yule.

Siku ya kwanza presha yangu ilikuwa juu, wakanirejesha. Siku ya pili ikawa juu zaidi. Muuguzi akaniuliza, "Mwalimu, una wasiwasi gani?" Nikamwambia sina. Nilijua vizuri nina wasiwasi gani. Siku ya tatu ikashuka kidogo, daktari akakubali. Siku zile mbili zilizopotea ndizo zilizokuja kuniharibia, nitaeleza.

Kwanza daktari alinikalisha kitako, akanichora mistari juu ya kope kwa kalamu. Alinipiga na picha za macho, muuguzi wa kike akaishika nikabu yangu. Kisha nikalazwa. Sindano ya ganzi inauma, asikudanganye mtu. Inauma kiasi cha kuisoma Alhamdu mara mbili, halafu basi. Baada ya hapo husikii maumivu, unasikia kazi: unavutwa, mkasi unalia, mtu anaomba uzi. Huwi usingizini. Wanakwambia fumba, fumbua, fumba tena, wapime wasikate kupita kiasi.

Katikati nikasikia harufu ya kuungua. Nikauliza, "Kinaungua nini humu?"

"Ni wewe, mwalimu," daktari akasema. "Tunaziba vijishipa vya damu. Usiogope."

Nilikuwa nikifikiri kitu kimoja tu, kwamba nikifia juu ya kitanda kile, mama yangu ataambiwa mwanawe kafia semina. Nikayafumba macho kabla ya kuambiwa, daktari akaniomba niyafumbue.

Salma alinifuata mchana. Aliita teksi. Usiku ule na kesho yake uso ulivimba, macho yakawa mifereji miwili, chini yake pamevilia damu mpaka mashavuni. Kwenye kioo nilimwona mtu aliyepigwa. Hilo mlitarajie, na msiwaruhusu watoto wakuoneni ghafla. Salma alilowesha vitambaa kwenye maji ya barafu, akawa ananibandika na kunibandua, kabla ya kwenda kazini na akirudi. Daktari alishanionya: nilalie mito miwili, nisiiname, nisinyanyue kitu kizito, maji yasiguse nyuzi mpaka siku ya saba zitakapotolewa. Nikawa natayamamu badala ya kutawadha kwa maji, na kusali juu ya kiti, na nilikuwa sawa.

Jioni ya kesho yake hiyo mama akapiga simu. "Rukia, hiyo semina yenu haina mwisho?"

Siku tano zilikuwa zishatimia. Ningeweza kumwambia imeongezwa. Uongo wa pili ulinishinda, na kitandani kwangu nilikupenda kuliko mahali pote duniani. Nikamwambia, "Kesho, mama." Salma alinikataza. Nikapanda boti na nyuzi zangu machoni, miwani ya jua juu ya nikabu, na ukanda wa nikabu ukinisugua pale pale palipokatwa. Wenye kuvaa nikabu nawaambia, wiki mbili za mwanzo vaeni ushungi tu, au kaeni ndani.

Nyumbani nilisema nimepata macho mekundu. Hayo kwetu kila mtu anayajua, na watu wanakaa mbali nawe. Mama akasema pole, akaniagizia chai. Faki alinitazama mara moja akatoka nje.

Ikafika laasiri. Mimi na mama tunasali chumba kimoja, msala wangu pembeni ya wake, tangu alipohamia kwetu. Macho mekundu hayamzuii mtu kutawadha wala kusujudu. Nikikaa juu ya kiti ataniuliza nini kimenipata kiunoni, na nikitayamamu ataniuliza maji yamekwenda wapi. Nikatawadha kidogo kidogo. Nikasimama pembeni yake na miwani yangu. Rakaa ya kwanza ikapita, kichwa kinagonga. Rakaa ya pili, nilipokwenda sijda, nilisikia kitu kimekatika kwenye jicho la kulia, halafu uvuguvugu. Nilipoinuka palikuwa na matone ya damu juu ya msala.

Mama alitoa salamu ya sala yake. Haoni vizuri, lakini msala wangu ni mweupe. "Rukia, unatoka damu."

Nikavua miwani. Akazinyanyua kope zake kwa vidole viwili akanitazama kwa muda mrefu.

"Umefanywa nini?"

"Nimepasuliwa, mama. Kope."

"Lini?"

"Juzi."

"Na semina?"

Akaziachia kope zake, akakunja msala wake, akatoka chumbani. Faki alinipeleka spitali, nikatiwa uzi mwengine na nikakaripiwa na kijana aliyekuwa mwanafunzi wangu. Kovu la jicho la kulia ni nene kidogo mpaka leo, na sababu yake ndiyo hiyo.

Mama hakunigombeza. Alinijibu salamu tu, kwa kuwa kuijibu ni wajibu. Siku ya tatu kaka yangu Khamis alikuja kutoka Tibirinzi, Chake Chake, kumchukua. "Anasema ana hamu nami," Khamis akanambia, hajui pa kutazama. Mama alibeba furushi lake mwenyewe. Chumba chake kikabaki na kitanda na harufu ya udi, na mimi nikabaki na mafuta yangu ya kutia machoni.

Niwaeleze na mwili, maana ndiyo mnayoyauliza. Nyuzi zikitolewa haziumi, zinatekenya. Weusi wa chini ya macho unageuka kijani, kisha manjano, na unaondoka baada ya wiki mbili hivi. Jicho moja litakaa juu kuliko mwenzake, usilie, litashuka. Macho yatakauka na yatatoa machozi kwa wakati mmoja, sijui vipi. Na kwa muda hayatafumbika sawasawa. Faki alinambia, "Zamani ulikuwa ukiamka umefumba, sasa unalala umefumbua. Nikuelewe vipi?" Hiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kucheka tangu mama aondoke, na kucheka kuliniuma.

Skuli zilipofunguliwa watoto waliniuliza kwa nini nimekasirika. Walizoea mwalimu aliyesinzia, sasa wanamwona mtu amekodoa. Lakini ubao niliuona wote, mpaka pembe ya juu, na kidevu changu kikakaa mahali pake. Nilimwona mwashi juu ya ngazi. Niliziona nyaya za umeme. Furaha hiyo nilikuwa nayo, siikani, ila nilipita nayo kimya kimya, kwa sababu mtu niliyetaka kumwambia hayupo.

Kila Ijumaa baada ya skuli nilikwenda Tibirinzi. Karafuu zilikuwa zimeanza, njia nzima majamvi yameanikwa pembezoni. Mara ya kwanza nilipiga magoti nikamwomba radhi. Akasema, "Nimekusamehe, mwanangu," na akageukia ukuta. Hata mgeni angejua ni maneno ya mdomoni. Mtu mwenye mzazi aliye hai na hana radhi yake, kwetu anahesabiwa hana kitu, na mimi mwenyewe nilijihesabu hivyo. Nilisali, nilisoma Kurani kwa macho mapya, na kila nikifika mahali pa kuwaombea wazazi niliufunga msahafu.

Mara ya pili nilimweleza fatwa ya shehe. "Shehe nimemsikia," akasema. Mara ya tatu nikadhani nimemvunja moyo kwa kuyakataa macho aliyonipa, basi nikamwambia bado tunafanana, atazame. Akasema, "Mie nimekuuliza macho?" Nikarudi Wete sijui nimwombe msamaha wa kitu gani tena. Faki akasema, "Nenda tu. Usiseme kitu. Nenda ukakae."

Ijumaa iliyofuata nilikwenda nikakaa. Mama alikuwa kitandani, dirisha wazi, wajukuu wako chuoni wanasoma Kurani. Nilimkanda miguu. Tulikaa hivyo muda mrefu hata nikasinzia kweli. Ndipo akasema, "Sogea hapa penye mwangaza."

Nikasogea. Akazinyanyua kope zake kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akanipitisha kidole gumba juu ya kovu, jicho la kushoto kisha la kulia. Pale penye unene akasimama.

"Walikuumiza?"

"Ile sindano, mama. Iliuma."

"N'hadithie."

"Nikuhadithie nini?"

"Yote. Tokea ulipoingia mlangoni."

Nikamhadithia. Viti vinavyotikisika, mwanamke wa Makoongwe na mkate wake, presha, kalamu, sindano, harufu ya kuungua. Mengi niliyoyaandika hapa kwanza niliyasema kwake, kwa mpango huu huu. Alipenda kujua kila kitu. Kitanda kilikuwa cha namna gani. Nani alinishika mkono. Nikamwambia hapana aliyenishika. Nilipomwambia niliogopa kufa, na ataambiwa nimefia semina, akazifunika kope zake kwa kiganja na mabega yakawa yanamtikisika.

"Siku tano zile," akasema, "kila sala nilikuwa nakuombea. Nikasema, Mola, mwanangu keshakuwa mtu mzima, mfungulie kichwa aelewe hisabati wanazomfundisha. Wewe unakatwa macho, Rukia, na mie huku nakuombea hisabati."

Nikamwekea kichwa mapajani nikalia. Sikumwomba radhi tena. Alinipangusa kwa ncha ya kanga, taratibu, akipakwepa penye kovu.

Halafu akajiweka sawa kitandani, akaelekea kibla, akainua mikono. "Ewe Mola wangu," akasema, "mwanangu Rukia anaingia kupasuliwa macho. Nimemruhusu, na nimemradhia. Iongoze mikono ya wanaomkata, na umrejeshe kwangu salama."

Nikaitika amin.